Asubuhi Alizozirudisha Lionel

Lionel Garbutt alikuwa hanywi maji mpaka Janine ayanywe kwanza. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote nitakayoyasema yanatokea hapo.

Asubuhi tano kwa wiki, saa mbili na nusu, Janine aliingia, akatundika koti lake la mvua nyuma ya mlango, akafungua bomba la jikoni na kuyaacha maji yatiririke mpaka yawe baridi ya kuuma meno. Anajaza bilauri. Anainywa yote mbele ya Lionel bila kumwondolea macho. Akimaliza anajipiga kifuani.

“Unaniona, bosi? Bado nipo.”

Lionel alihesabu kimoyomoyo, sijui mpaka ngapi, halafu akasema, “Haya, weka birika.” Chai ikiwa tayari anamezea vidonge vyake viwili, na siku imeanza. Jumamosi na Jumapili alitumia maji ya chupa, ambayo Janine aliijaza Ijumaa na kupiga funda moja mbele yake kabla ya kukaza kifuniko.

Kabla ya kuugua, Lionel alikuwa fundi bomba kwa miaka ishirini na miwili. Nusu ya majiko ya mji huu yamepita mikononi mwake. Ugonjwa ulipomjia ukamfuata mpaka kwenye kazi yake: watu walianza kuzungumza ndani ya mabomba, wanamtaja kwa jina, wanamwambia maji yametiwa kitu. Februari moja akachukua msumeno wa chuma akakata mabomba yote ya nyumba yake. Na kwa kuwa nyumba za mtaa wetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, kama zilivyo huku kaskazini ya Uingereza, maji yakaingia kwangu mpaka yakabeba viatu. Nikatoka kwenda kugomba. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, amelowa, anatetemeka, ananiomba radhi kwa adabu kama mtu aliyenikanyaga kwenye foleni. Ndivyo tulivyojuana.

Mimi nilikuwa na wiki tatu tu hapo, na nilikusudia kuondoka kabla ya kiangazi. Sijawahi kukaa mahali. Nimeendesha bembea za maonyesho, nimevuta nyaya za simu, nimechimba viazi, nimepika kwenye meli za samaki zinazokwenda kwenye barafu. Shule nilisoma vipandevipande, shule nne, na hakuna niliyoimaliza. Hapa nimekaa miaka kumi na moja, na kisa ni dhumna. Lionel alicheza dhumna kama shetani. Kila nilipofikiri nimemshinda nikalala, asubuhi nilitaka marudiano.

Miaka ya mwanzo walikuwa wakija kwake wanawake wawili. Mmoja alitumwa na watu wa afya, mwingine na watu wa ustawi wa jamii. Wa afya alifika saa tatu na vidonge, lakini birika hakuruhusiwa kuligusa, maana chai si dawa. Wa ustawi alifika saa tano akapika chai, lakini vidonge hakuruhusiwa kuvigusa, maana dawa si chai. Basi saa tatu Lionel anaambiwa ameze vikavu, anavificha chini ya ulimi, anavitema. Saa tano anakunywa chai au hanywi, inategemea sauti zimesemaje. Kila mmoja aliandika kwenye daftari lake. Alilazwa mara tatu katika miaka miwili, na mara zote tatu madaftari yote mawili yalikuwa sahihi.

Ndipo akaja Philippa Royle, mratibu mpya wa huduma zake. Mwanamke mrefu, ana mafua ya kudumu, daima anatafuta miwani aliyoivaa. Akakaa jikoni kwa Lionel akamwambia: afya wana fungu lao juu yako, ustawi wana fungu lao juu yako. Sasa tunaweza kuyachanganya yawe bajeti moja, na bajeti hiyo iwe yako. Sema wewe unachotaka.

Lionel aliomba wiki moja afikiri. Philippa aliporudi akamwambia, “Nataka mtu mmoja. Avumilie kuja asubuhi. Anywe maji kwanza.”

Philippa aliandika hivyohivyo, neno kwa neno. Hakucheka. Mimi nitamheshimu kwa hilo mpaka nizikwe.

Wakampata Janine Sowerby, aliyekuwa akipakua chakula cha mchana cha watoto shuleni, mikono kama ya baharia na mdomo kama wa dalali. Kwa kuwa fungu lilikuwa la Lionel, Lionel ndiye aliyekuwa mwajiri. Janine hakumwacha asahau hilo.

“Bosi, soksi zako zinatembea zenyewe.”

“Nitakufukuza.”

“Nifukuze, ufe na kiu.”

Miaka minne, hakulazwa hata siku moja.

Sasa nieleze alivyokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa huku. Watu hawa wana aibu ya kuchukua. Ukimpa mtu kiti atakwambia umpe mwenzake. Lionel alipoanza kupata nafuu, ilimkera kumlipa mtu mpaka saa sita ilhali saa tatu chai imeshanyweka na vidonge vimeshamezwa. Akaanza kumwambia Janine, “Nenda. Kuna watu wana shida kuliko mimi.” Baadaye Ijumaa akamwambia asije kabisa, amjazie chupa Alhamisi inatosha. Kisha akapiga simu ofisini kusema saa hizo wapewe wengine. Msichana aliyepokea simu alimshukuru na kuziandika.

“Wengine gani?” Janine alimuuliza. Nilikuwepo, nachanganya dhumna. “Bosi, hizo saa si sukari, useme utamgawia jirani kikombe. Ukizirudisha zinapotea.”

“Haziwezi kupotea. Ni mali ya umma.”

“Ndiyo maana zinapotea.”

“Enoch, mwambie huyu.”

Mimi nilisema Lionel ana haki, ni muungwana. Nilikuwa na dabo sita mkononi na nilitaka mchezo uendelee.

Machi ya mwaka wa tano tukaambiwa kuna mapitio ya bajeti yake, watakuja kumwona nyumbani. Lionel alifanya usafi siku mbili. Alipiga deki, akasugua sinki, akafuta hata vumbi la juu ya mlango. Siku yenyewe alinyoa, akavaa shati jeupe na tai ya mazishi ya baba yake. Akanigongea: “Njoo uwe shahidi kwamba nyumba yangu inang'aa.” Janine aliombwa asiwepo, kwa sababu ni mwajiriwa na mkate wake umo humohumo. Alikaa ndani ya gari lake kule kona.

Walikuja wawili, Philippa na bwana mmoja wa upande wa afya ambaye hakuvua koti. Alifungua kompyuta yake ndogo juu ya magoti. Lionel akawapikia chai, akawapa biskuti za chokoleti kwenye sahani ya maua. Chai yake mwenyewe aliimimina, akaikoroga, hakuigusa. Niliona. Wao hawakuona, au waliona mtu anayezungumza na wageni.

“Habari za siku hizi, Lionel?” Philippa akauliza.

“Siyo mbaya.”

“Usingizi?”

“Siwezi kulalamika.”

“Zile sauti?”

Lionel akatazama sinki kidogo. “Zipo. Tumezoeana.”

Bwana wa koti akaandika. “Ninaona hapa,” akasema, “katika kila saa kumi ulizopewa, nne hukuzitumia.”

Lionel akachangamka kama mtoto aliyesifiwa. “Nilizirudisha. Wapewe wanaohitaji.”

“Umefanya uungwana,” yule bwana akasema, na nadhani alimaanisha. “Na siku ambazo Janine haji, unakuwa na nani?”

Mimi hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kutia biskuti mdomoni nikanyamaza.

“Anakuwa na mimi,” nikasema. “Nipo mlango wa pili. Naingia kila siku, na silipwi hata peni.”

“Kila siku, Bwana Tasker?”

“Kila siku ya Mungu.”

Philippa alinitazama kwa namna fulani, kama mtu anayetaka kukuzuia usivuke barabara. Lakini nilikuwa nimeshavuka. Nilijiona mtu wa maana. Katika maisha yangu mimi ndiye niliyekuwa nikiandikwa kwamba hana makazi, hana wa kumsimamia, hajulikani alikotoka. Leo naandikwa kuwa tegemeo la mtu.

Walipoondoka nikaenda kona kumwambia Janine mambo yamekwenda vizuri. Akashusha kioo.

“Waliuliza juu ya maji?”

“Maji gani?”

“Maji, Enoch! Maji! Nani anayanywa kwanza. Walimuuliza?”

“Hawakuuliza.”

“Na wewe hukusema.”

“Ningesemaje mbele yake, Janine? Mtu kavaa tai.”

“Tai!” Akapiga usukani. “Haya. Basi tai ndiyo itakayomnywesha.”

“Nimewaambia mimi nipo karibu.”

Akaachia usukani, akanigeukia. “Umewaambia unaingia kila siku?”

“Si ukweli?”

“Ni ukweli, babu. Ukweli wako umenifukuza kazi.”

Nilimwona ana jazba. Baada ya wiki tatu barua ikaja. Lionel aliisoma wima, akaikunja, akaiweka nyuma ya saa ya mezani. Nilipomuuliza akasema, “Wameandika vizuri sana.” Ni kweli, iliandikwa vizuri. Walimpongeza kwa hatua alizopiga. Kuanzia Aprili Janine angekuja Jumatano tu, kwa muda wa saa mbili. Siku zilizobaki angesaidiwa na msaada wa asili uliopo katika mtaa wake. Niliisoma mara mbili kabla ya kutambua kwamba huo msaada wa asili ni mimi.

Zamani ustawi wangekata, afya wangebaki, hata kama ni kwa kukimbizana. Sasa fungu lilikuwa moja. Lilipopungua, lilipungua lote, chai na vidonge kwa pamoja.

Janine alisema saa mbili kwa wiki hazimlipii hata petroli. Akaenda kiwanda cha kuku nje ya mji, zamu ya saa kumi na mbili alfajiri. Hata hivyo Jumatano tano alibadilishana zamu na mwenzake akaja, akamwachia chupa za kujikokota mpaka wiki nyingine. Jumatano ya tano alisema msimamizi amekataa, hatakuja tena. Alikunywa bilauri moja, Lionel akahesabu. Akajaza ya pili akainywa nayo.

“Hiyo ni ya akiba, bosi. Ya kesho na keshokutwa.”

“Haifanyi kazi hivyo, Janine,” Lionel akamwambia kwa upole, kama anayemfundisha mwanagenzi. “Ya pili haihesabiki.”

Janine akaosha bilauri, akaifuta, akaiweka. Akavaa koti. Alipopita mlangoni kwangu hakunigeukia.

Kesho yake saa mbili na nusu nikaingia mimi. Nikafungua bomba, nikayaacha yapoe, nikajaza bilauri, nikanywa yote nikimtazama machoni. Nikajipiga kifuani.

Lionel akatabasamu. “Mzee, wewe ulipika kwenye meli. Tumbo lako ni pipa la mafuta. Ukinywa wewe hainiambii kitu.”

Nikacheka. Yeye pia alicheka. Lakini hakunywa. Nilijaribu kesho yake na siku iliyofuata. Nikamnunulia soda za makopo, akazikubali karibu wiki mbili, halafu nazo zikaanza kusema. Akawa anakula machungwa tu, anayanyonya na kuweka maganda kwenye dirisha kwa mpangilio. Siku moja tunacheza nikaona sanduku la dhumna limekuwa zito. Chini ya kitambaa chake mlikuwa na vidonge ishirini na kitu.

“Hivi vya nini, Lionel?”

“Vya kumeza kwa chai.”

“Si unywe chai basi.”

“Naye aje basi.”

Nikampigia Philippa. Siku ya tatu akapokea. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelala kwenye kiti. Aliniambia sasa ana watu tisini.

“Nakusikia, Enoch. Lakini kwenye mpango umeandikwa wewe. Kamati inayogawa fedha haiwezi kulifungua fungu upya kama msaada uliopo bado upo.”

“Mimi nipo. Ila kwangu hanywi.”

“Hawataandika hanywi. Wataandika jirani yupo.”

“Kwa hiyo nifanyeje? Nife?”

“Ujaze fomu kwamba huko tayari tena.”

“Lakini niko tayari. Siwezi, basi.”

“Ina visanduku viwili. Yuko tayari, hayuko tayari.”

“Cha siwezi hakipo?”

Akapenga kamasi. “Cha siwezi hakipo. Na sikiliza, mpango ni wa Lionel. Lazima aisome hiyo fomu na atie saini. Haliandikwi neno juu yake bila yeye kuliona. Hilo tulilipigania miaka mingi, Enoch, sitalivunja.”

Sikumlaumu. Na mimi ningelipigania. Nimeandikwa mambo mengi nyuma ya mgongo wangu.

Fomu ikaja. Nilikaa nayo siku nne. Nilijiambia nitaweka alama na kumweleza, yeye si mjinga, atafahamu. Nikachagua asubuhi yenye jua. Nikatia alama kisanduku cha pili, nikaenda nayo.

“Ni hila ya karatasi tu,” nikamwambia. “Ili Janine arudi.”

Aliisoma polepole, midomo yake imepasuka kwa ukavu. “Hapa unasema huko tayari kunisaidia.”

“Ndiyo, lakini si kweli.”

“Umeandika uongo?”

“Uongo mdogo.”

“Na siku ile uliposema unakuja kila siku ya Mungu?”

“Ile ilikuwa kweli.”

“Mbona karatasi ni zilezile?” Hakuwa ananigombeza. Alikuwa anataka kujua. Macho yake yalikuwa yameingia ndani na alikuwa akinisikiliza mimi na kitu kingine kwa wakati mmoja. Nikaanza kueleza upya, kamati, kisanduku, fungu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama wale waliomo kwenye mabomba.

Akachukua kalamu akatia saini, herufi zimenyooka kama za fundi anayeandika hati ya malipo. Akanirudishia.

“Asante kwa miaka yote, Enoch,” akasema.

“Siendi popote, bwana. Kesho nakuja.”

“Asante,” akasema tena.

Kesho yake mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Nikainama nikasema kwenye tundu la barua kwamba ni mimi, nimeleta machungwa. Nikamsikia kwenye ukumbi, karibu sana, pumzi yake naisikia. Hakufungua. Nikayabinya machungwa moja moja, nikayapitisha kwenye lile tundu, yakadondoka upande wa pili, na hakuna aliyeyaokota.

Kamati hukaa kila baada ya wiki sita. Sisi tulifika siku ya tisa tu tangu afunge mlango. Nilipiga simu, nikaambiwa mtu mzima ana haki ya kutofungua mlango wake. Siku ya tisa sikusikia pumzi. Polisi wakavunja. Alikuwa jikoni, amelala ubavu, tai shingoni, maganda machache mapya ya machungwa dirishani. Ulimi ulikuwa mweusi. Mwanamke wa gari la wagonjwa alisema figo, akasema haraka.

Hapa mjini walimtibu figo. Kichwa hawakuwa na kitanda chake, wakampeleka wodi ya kufungwa katika mji mwingine, mabasi mawili na treni moja. Kamati ikakaa kwa siku yake. Ikakubali kurudisha asubuhi tatu. Ila bajeti hulala mtu anapokuwa hospitali, huamka akitoka.

Nikaenda kiwanda cha kuku nikamngoja Janine getini. Alitoka na wenzake, kofia ya wavu bado iko kichwani, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi.

“Asubuhi tatu,” nikamwambia. “Wamekubali.”

“Anatoka lini?”

“Hawajasema.”

“Na mimi ningoje nikila nini, Enoch? Hapa nimepewa mkataba. Wa kudumu. Wajua mara ya mwisho kupata mkataba wa kudumu ilikuwa lini? Sijawahi.”

“Anakuulizia wewe tu.”

“Usiniambie hivyo.”

“Nakwambia alivyosema.”

“Umenisikia? Nenda, rudi kwako, na usije tena hapa ukaniambia hivyo.” Akaondoka haraka kuelekea kwenye gari, akasimama, akarudi hatua mbili. “Wodini anakunywa?”

“Wanamtundikia maji ya mshipa.”

Akatikisa kichwa, akaingia garini, akakaa humo bila kuwasha.

Novemba tukaitwa kwenye kikao cha kumruhusu. Daktari, muuguzi wa wodi, Philippa, mimi, na Lionel katikati, amekonda, amevaa nguo ambazo si zake. Daktari akasema dawa imemtuliza, anaweza kutoka, kinachotakiwa ni jina la mtu wa asubuhi.

“Janine,” Lionel akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza.

“Janine amepata kazi nyingine, Lionel,” Philippa akamjibu. “Tumetangaza nafasi miezi miwili. Wamejitokeza wawili. Mmoja aliposoma kuhusu maji hakupiga simu tena. Mwingine ulimkataa mwenyewe.”

“Alinywa kwa kuficha kicheko.”

“Ndiyo. Ulikuwa na haki ya kumkataa.”

Daktari akatazama saa yake ya mkononi, si kwa ubaya. “Kwa muda, mpaka apatikane mtu. Hakuna yeyote wa karibu? Likipatikana jina moja leo, Ijumaa anarudi nyumbani. Lisipopatikana, itabidi iwe makao ya matunzo, na nyumba hatuwezi kumshikia.”

Hakuna aliyenitaja. Lakini vichwa vilinigeukia kimoja kimoja, na cha Philippa kikawa cha mwisho. Lionel hakunitazama. Alikuwa anatazama jagi la maji lililowekwa mezani kwa ajili ya kikao.

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikajiona nimetia saini, nimepeana mikono na daktari, Ijumaa nimemshika Lionel mkono kwenye basi. Nikaiona na Jumatatu, na Jumatatu ya pili yake, na jiko. Nikavuta jagi, nikamimina bilauri, nikanywa yote mbele ya watu, nikaiweka. Lionel alinitazama kwa huruma.

“Pole, mzee,” akasema.

“Hapana,” nikamwambia daktari. “Kwangu mimi hapana. Andika hapana.”

Muuguzi akaandika. Philippa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Walihitaji saini ya Lionel kuachia nyumba, naye aliitia pale ilipotakiwa, akauliza kama kuna nyingine.

Makao yenyewe yako nyanda za juu, pazuri, kondoo wengi. Fungu lake sasa linakwenda huko moja kwa moja, lote, na ni kubwa kuliko lile lililomlipa Janine; Philippa ndiye aliyeniambia, kisha akaniomba nisimwambie mtu kasema yeye. Kwenye faili wameandika mhudumu anywe kwanza. Wahudumu wanabadilika kila zamu. Wapo wanaosoma faili. Wapo wanaokunywa huku wanaongea na simu, na kwa hao Lionel hahesabu. Siku nyingine anakunywa, siku nyingine wanamrudisha hospitali kwa ajili ya maji ya mshipa.

Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza tulicheza, akaweka vipande bila kutazama vyangu, nikamshinda, na sikutaka marudiano. Mara ya pili alibaki chumbani. Mara ya tatu kulikuwa na msichana mpya mlangoni, mpole, ana mashine ya kuandikisha wageni mbele yake. Akaandika jina langu, akaandika saa niliyofika.

“Na wewe ni nani wake, kipenzi?” akaniuliza, kama wanavyomwita kila mtu huku.

Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri na maua na mfuko wa nguo safi. Nikamwambia aache wazi. Akasema haiwezekani, mashine haikubali pakiwa wazi. Basi akachagua mwenyewe, sikuona alichoandika, akanibandikia karatasi kifuani na kunionyesha viti vya kungojea. Nilikaa mpaka basi la saa kumi; Lionel hakutoka.